Aliyelifunua Rundo la Theluji

Jumamosi moja ya Novemba, saa moja na nusu asubuhi, Lois Gstrein alipanda kwenye malisho yake kurekebisha uzio, akakuta rundo la theluji liko wazi.

Rundo lilikuwa mali ya kijiji kizima cha Hinterlahn, huko milimani. Kila mwezi wa Machi walilikusanya kwa mashine nyuma ya msitu, mahali pasipopata jua, wakalifunika kwa maranda ya mbao, juu ya maranda turubai jeupe, juu ya turubai mifuko ya mchanga. Lilivuka majira ya joto likiwa hivyo. Mwishoni mwa Novemba walilitandaza kwenye mteremko wa watoto, lifti ya kamba ya kuwavuta juu ikawashwa, familia zikaanza kuja. Sasa turubai lilikuwa pembeni, maranda yamesukumwa, na theluji yenyewe imechimbwa mifereji ili mvua ipenye hadi ndani. Upepo wa joto wa kusini ulikuwa umevuma tangu Jumatatu. Kilichobaki ni nundu ya barafu chafu.

Inspekta Ottilie Brugger hakuja kijijini kwa ajili hiyo. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Saa tatu alikuwa jikoni katika nyumba ya wageni ya Thaler na binti yake Vroni wa miaka sita, akipanga likizo ya Februari. Mwenye nyumba, Kreszenz Thaler, alikuwa amepiga magoti akimjaribisha Vroni viatu vya kuteleza kwenye theluji.

"Mama mkwe tutamweka chumba cha ghorofa ya chini, asihangaike na ngazi," alisema Kreszenz. "Goti lake vipi?"

"Goti baya, mdomo mzima," alijibu Ottilie. "Muweke mbali na mimi, basi. Na mdogo? Ana miaka mitatu."

"Mdogo anabaki na binti yangu Leni chumba cha michezo. Huyu mkubwa anaingia kundi la wanaoanza. Siku ya tatu atakuwa anakupita wewe."

"Ananipita tayari."

Viatu vya watoto vilijaa koridoni, masanduku kwa masanduku, hadi mlango wa choo. Kreszenz aliomba radhi. Kwa kawaida vilikaa chumba cha chini ya ardhi, lakini Vinzenz, mumewe, alivipandisha vyote Jumatatu. Alisema kule chini kunanuka unyevu.

"Nilimgombeza," alisema, "lakini kumbe aliona mbali. Jana usiku maji yameingia kule chini hadi kifundo cha mguu. Sijui yanatoka wapi."

Vinzenz mwenyewe alikuwa ameketi kwenye benchi karibu na jiko, mfuko wa maji ya moto mgongoni. Alimsalimia Ottilie bila kuinuka.

"Usinione sina adabu. Mgongo umenishika tangu Jumapili. Wiki nzima sijafika hata kwenye rundo, na mimi ndiye mlinzi wake."

"Nilitaka kwenda mimi, akanikataza," alisema Leni kutoka kwenye sinki. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mikono mirefu kama ya baba yake. "Anaona nitamwibia kazi."

"Na ataiba," alisema Kreszenz kwa majivuno. "Jumatatu anakwenda kwa wakili kusaini, nyumba inakuwa yake. Alipata nafasi ya kusomea ukunga mjini, lakini kachagua hapa. Ila tuombe Mungu lifti iwake. Baraza la kijiji limeshasema, isipowaka kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, Desemba sita, wanaing'oa, wanaiuza. Bila lifti ya watoto, nani ataleta familia Hinterlahn? Tutafunga tu."

Hapo ndipo Lois alipoingia, buti zikiwa na matope, akasimama katikati ya chumba.

"Rundo limekwisha," alisema. "Kuna mtu kalifunua."

Kreszenz alibaki na kiatu mkononi. Leni alifunga bomba. Vinzenz aliinamisha kichwa.

Ottilie alipiga simu kituoni. Mkubwa wake alimuuliza yuko wapi, akamwambia.

"Basi kesi ni yako, dada. Uko hapo hapo."

"Niko mapumzikoni, afande."

"Ulikuwa mapumzikoni."

Saa nne alikuwa kwenye malisho. Aliangalia kwanza turubai. Lilikuwa limekunjwa ncha kwa ncha, na mifuko ya mchanga imepangwa mstari mmoja, kavu, chini ya mti. Mhuni hakunji turubai. Kisha aliangalia maji yalikokwenda. Chini kabisa ya rundo, moja kwa moja, lilikuwepo zizi la Lois lenye ng'ombe ndani. Kwa mteremko ule, maji yote yangeingia zizini. Lakini mtu alikuwa amechimba mtaro mpya, mzuri, kingo zimenyooka, ukakata malisho kwa upande na kuyapeleka maji kwenye bustani ya Thaler. Kabichi zilikuwa zimelala kwenye tope, na nyuma ya kabichi ulikuwa ukuta wa chumba cha chini ya ardhi.

Leni, aliyekuwa amemfuata, alimweleza kuhusu Gebhard Schranz, meneja wa kituo kikubwa cha mapumziko cha Oberjoch, juu zaidi, ambako theluji ilikuwa bado inaanguka yenyewe. Gari lake jekundu lilionekana kijijini Jumatano.

"Familia zikikosa nafasi hapa zinapanda kwake," alisema Leni. "Kila mtu anajua."

Ottilie alimpigia Gebhard pale pale, simu ikiwa kwenye spika.

"Inspekta, niifuate theluji yenu na koleo? Ya nini?" alisema Gebhard. "Jua linanifanyia hiyo kazi kila mwaka, tena bure."

"Jumatano ulikuja kufanya nini?"

"Nilikuja kumwomba Leni Thaler aje asimamie watoto kwangu. Akanipa kahawa, akanikatalia. Muulize."

Ottilie alimgeukia Leni. Leni aliangalia kando.

"Ni kweli. Sikutaka mama ajue."

"Na kwenye rundo ulifika?" Ottilie alimuuliza Gebhard.

"Mimi nilikuwa na viatu vya ofisini. Kwa Thaler, kisha nyumbani. Na nikwambie kitu, rundo mmelikuta leo, lakini kwa upepo huu kulimaliza vile ni kazi ya siku kadhaa. Lilikuwa wazi kabla sijafika. Kwetu tunalo pia, tunajua."

Hilo lilikuwa na maana. Ottilie alikata simu. Lilifunguliwa Jumatatu, pengine usiku wa kuamkia siku hiyo, upepo ulipoanza. Na lilifunguliwa na mtu aliyejua kwamba wiki ile hapatakuwa na mtu wa kulikagua.

Leni alimdokeza kwamba Lois hakuyapenda maranda, akamfuata Lois zizini. Lois alikuwa anakamua, hakusimama.

"Ulimwambia nani kwamba unayachukia yale maranda?"

"Nililiambia baraza, nilimwambia padri, nilimwambia mbwa. Yanaingia kwenye nyasi, ng'ombe wanayatema. Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo una sababu. Na rundo liko kwenye ardhi yako. Na mtaro umeliokoa zizi lako na kumzamisha jirani yako."

"Sema tu."

"Ulilifunua wewe, ukachimba mtaro maji yasikuingilie."

Lois aliacha chuchu ya ng'ombe. Alikuwa mtu mkubwa, na uso wake ulikuwa mwekundu hadi masikioni.

"Wewe mama, wewe ni wa mjini, bondeni kule. Hapa humpelekei jirani maji. Babu yangu na babu yake Vinzenz hawakusalimiana mpaka wanazikwa, kwa ajili ya ndoo kadhaa tu za maji ya mvua. Maji yakiwa kwako, ni yako. Yakae zizini, yakae kitandani, lakini huyasukumi kwa mwenzio. Ningechimba ule mtaro, nisingeweza kuingia kanisani."

"Aliyeua theluji ya kijiji kizima ataogopa kanisa?"

"Theluji ni kitu kingine. Maji ni maji." Alirudi kukamua. "Nifunge ukitaka. Lakini nani atawakamua hawa?"

Ottilie alisimama nje ya zizi akivuta hewa. Alitaka kumfunga. Kila kitu kilimwelekea Lois, na angemfunga saa sita akarudi nyumbani kula. Kilichomzuia ni yale maneno ya maji. Kama Lois alisema kweli, na uso wake ulisema kweli, basi hakuna mtu wa Hinterlahn angeyapeleka maji yale kwa Thaler. Hakuna, isipokuwa yule ambaye kwake ndiko yalikokwenda. Mtu huyo angeweza kuharibu kila kitu, lakini ng'ombe wa jirani asingewalowesha. Angeyavuta maji kwake mwenyewe.

Alirudi nyumba ya wageni. Vroni alikuwa anakula supu ya madonge ya ini na Kreszenz. Ottilie alimtuma mtoto chumba cha michezo, akavuta kiti mbele ya benchi la Vinzenz.

"Mzee, mgongo unaendeleaje?"

"Hivyo hivyo."

"Tangu Jumapili?"

"Tangu Jumapili."

"Viatu vya watoto vile koridoni, nimejaribu kuinua sanduku moja nilipopita. Limenishinda. Wewe umeyapandisha yote Jumatatu, kwenye ngazi zile zilivyo."

Kreszenz aliweka kijiko chini. "Alisema unyevu," alisema taratibu. "Vinzenz. Kule chini hakukuwa na unyevu."

"Hakukuwa bado," alisema Ottilie. "Alijua unyevu utakuja. Aliyachimbia maji njia ya kuja hapa, maana bila mtaro yangeingia kwa Lois. Akaokoa viatu kwanza. Kisha akajilaza na mgongo, ili mlinzi wa rundo awe mgonjwa wiki nzima na asiende mtu mwingine. Nikosoe nilipokosea, mzee."

Vinzenz alitoa mfuko wa maji ya moto mgongoni na kuuweka kwenye meza. Alikaa wima kabisa.

"Hujakosea. Nusura umfunge Lois?"

"Nusura."

"Ningekuja kusema. Hilo lisingefika huko."

"Baba," alisema Leni. Alikuwa mlangoni.

"Kwa nini, Vinzenz?" Kreszenz hakupaza sauti. "Ni theluji ya watu wote. Yako, yangu, ya Lois. Umetumaliza wote."

"Tumeshakwisha, Zenzi. Wewe hutaki kuona. Mimi ndiye ninayeipima." Alizungumza akiangalia mikono yake. "Baba yangu, Januari, alikuwa anatokea dirishani, mlango umezikwa. Mimi nikitoka nakanyaga nyasi. Kila Machi tunakwangua msitu mzima kupata rundo, na kila mwaka ni dogo. Mwaka huu lingetosha, ndiyo. Mwakani labda. Halafu? Huyu mtoto angesaini Jumatatu, na akishasaini nyumba hii ni kitanzi shingoni mwake. Atazeeka humu anapiga deki vyumba vitupu. Nilijaribu kumwambia, nikashindwa. Kila nikifungua mdomo, yeye anapanga mapazia."

"Ungeniambia," alisema Leni.

"Ungebaki kwa ubishi. Nakujua, umetoka kwangu. Nikasema lifti isipowaka mwaka huu, baraza litaing'oa, na wewe hutasaini nyumba isiyo na lifti. Utakwenda kusoma. Nafasi yako ya ukunga wanaishikilia hadi mwisho wa mwezi, si ulisema?"

Leni aliingia, akaketi kwenye ncha ya benchi, mbali kidogo na baba yake.

"Nimeshasaini," alisema. "Alhamisi iliyopita. Wakili alikuwa na nafasi, nikaona niwahi. Nilitaka kukuambia kwenye siku yako ya kuzaliwa."

Vinzenz alimwangalia.

"Na ukunga?"

"Nimewaandikia siku hiyo hiyo. Wameshampa mwingine."

Hakuna aliyelia. Kreszenz alisimama akaanza kukusanya bakuli za supu. Ottilie alisubiri, kisha alisema lililombidi aseme, kwamba rundo ni mali ya ushirika wa kijiji, kwamba atamchukua mzee kituoni kuandika maelezo, kwamba atarudi jioni lakini mahakama itamwita. Vinzenz alivaa koti bila msaada. Mlangoni alisimama mbele ya Leni kana kwamba ana neno, halafu akatoka bila kulisema. Lois alikuwa amesimama nje barabarani. Vinzenz alimwinamishia kichwa, Lois akageuka akaenda zake.

Simu ya Ottilie ililia. Alikuwa mumewe, akiuliza kama vyumba vimepatikana. Alimwambia atampigia baadaye.

"Dada Ottilie," alisema Leni nyuma yake. "Ile wiki yenu ya Februari. Nifute?"

Ottilie alitaka kusema watakuja hata hivyo, watatembea, watacheza karata. Alimfikiria Vroni wiki nzima kwenye tope, na mama mkwe ndani.

"Futa," alisema.

"Haya. Sikuchukulii vibaya."

Alipokuwa anamfunga Vroni mkanda kwenye gari, Vinzenz akiwa kiti cha mbele, alisikia simu ya nyumba ya wageni ikilia kupitia dirisha la jikoni lililokuwa wazi, na Leni akiipokea. Alikuwa mama fulani kutoka mbali, kwa jinsi Leni alivyolazimika kupaza sauti.

"Ndiyo, nyumba ya Thaler. Ndiyo, tunapokea familia." Alinyamaza kidogo. "Watoto wana umri gani?" Akasikiliza hadi mwisho. "Wazuri umri huo. Lakini mama, tafuta juu zaidi. Sisi theluji hatuna."

Mama yule alikuwa na swali jingine.

"Hapana," alisema. "Wala mwakani."