Anayemwita Nurudini Mpenzi

— Huyu anayekuita mpenzi ni nani?

Nurudini, muuza vitenge wa Kasulu mjini, aliacha kukunja kitambaa. Mkewe, Mwanahawa, alikuwa ameshika simu ya mumewe, akisoma kwa kuunganisha silabi kama alivyofundishwa katika darasa la watu wazima: "Mpenzi, ile hela itume kwenye namba hii. Ile nyingine ina tatizo."

— Ni matapeli, Mama Kudra. Simjui.

— Ndivyo ulivyoniambia miaka yote nilipokuwa sijui kusoma. "Watu wa mtandao hao," kisha unafuta. Kumbe ulikuwa ukinifutia mke mwenzangu mbele ya macho yangu.

Nurudini aliapa, kisha akaipiga ile namba mkewe akisikiliza. Iliita, haikupokelewa. Shaka ya Mwanahawa ikazidi. Akafunga nguo zake, akasema akitoka darasani atarudi kwao Kibondo.

Darasani, mwalimu Bazilio alipomuuliza kwa nini macho yamevimba, alieleza yote, hata ule ujumbe akausoma neno kwa neno kutoka daftarini, alikounakili pamoja na namba yake. Esteri, mjane wa Kagerankanda, akatoa simu yake.

— Mbona na mimi ninao? Nilifurahi asubuhi nzima, nikasema hatimaye nimepata mtu.

Wanawake wakacheka. Namba ilikuwa ileile. Mwamvua pekee hakucheka. Alikuwa amekwisha kutuma elfu ishirini, akidhani ni mumewe anayefanya biashara Nyarugusu.

Bazilio akawaeleza kwamba tapeli huwatumia watu wengi, akingoja mmoja mwenye mpenzi na hela ya kutuma. Usijibu wala usitume, alisema. Mpigie mwenyewe kwa namba yake unayoijua. Akamsindikiza Mwamvua kutoa taarifa polisi.

Mwanahawa alirudi dukani moja kwa moja.

— Nimekuja kukuomba radhi, Baba Kudra.

Nurudini aliendelea kukunja kitambaa.

— Mtu usiyemjua umemwamini kwa neno moja. Mimi una miaka kumi na miwili nami.

— Lilikuwa limeandikwa. Vitabuni mwetu kila ninachosoma ni kweli: baba analima, mama anapika. Sikujua kwamba maandishi nayo hudanganya.

Nurudini alitaka kubaki na hasira yake, akashindwa.

— Na mimi nimekosa. Nilikuwa nafuta bila kukusomea, kana kwamba hayakuhusu.

Akamsogezea kigoda, akampa simu. Mwanahawa akasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine, polepole, na kila alipomaliza mmoja alimuuliza mumewe umetoka kwa nani, akangoja jibu lake kabla ya kuufungua unaofuata.