Wimbo Usiopigwa Nyumbani Kwake

Kipaza sauti cha kliniki ya macho kilikuwa kinaumwa kuliko wagonjwa wenyewe. Kila kilipoita jina kilitoa mlio wa mafuta yanayochemka, na watu waliobanana kwenye mabenchi wakabaki kutazamana.

"Kaita nani?"

"Labda wewe."

Mmoja alisimama, wengine watatu wakasimama naye, kisha wote wakarudi kukaa kwa aibu.

Miwani alikuwa benchi la mwisho na baba yake. Jina hilo alipewa na wanakwaya wenzake kwa sababu ya kazi yake, maana alikuwa anapima na kukata vioo katika duka la miwani. Siku hiyo alivaa gauni la kijani lenye kola nyeupe, nywele kazisuka na kuzifunga nyuma, na usoni hakupaka kitu. Baba yake, mzee mrefu aliyevaa koti la suti, alikuwa kamshika mkono. Presha ya macho ilikuwa imelimaliza jicho moja, na katika la pili ulibaki mwanga mdogo kama ule unaopenya chini ya mlango.

Juu yao, kwenye ngazi, fundi mwenye shati la maua alikuwa amefungua kile kipaza sauti. Bisibisi ikamponyoka, ikatua mapajani mwa Miwani.

"Samahani sana, dada! Imekuumiza?"

"Ingekuwa nyundo tungekuwa tunazungumza mengine."

"Ingekuwa nyundo ningekimbia na ngazi yangu."

Mzee alicheka. Miwani akageuka kumtazama, kwa sababu alikuwa hajamsikia akicheka kwa muda mrefu.

"Wewe ni mpiga besi," mzee akasema.

"Shikamoo, mzee. Umejuaje?"

"Marahaba. Tangu upande huko juu mguu wako unagonga ngazi. Mpiga solo angekuwa anapiga mluzi."

Fundi akarudishia waya, akafunga skrubu kwa kidole, akashuka hadi kwenye dirisha la mapokezi. Sauti yake ikatoka safi, neno kwa neno: "Dada mwenye gauni la kijani, benchi la mwisho, tafadhali mrudishie fundi bisibisi yake. Na kama hataona vibaya, aje na namba ya simu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Miwani alitamani sakafu ipasuke. Hata hivyo bisibisi aliipeleka, na namba akaitoa.

Walianza na simu. Besi, kama Miwani alivyozoea kumwita, alipiga kila alipotoka kazini.

"Laazizi, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Basi utalala na njaa, naingia jikoni."

"Usikate. Weka simu karibu na sufuria, nisikie hata kijiko."

Miwani alicheka peke yake jikoni, akaweka simu kando ya jiko. Alikuwa mtu mzima mwenye kazi na nyumba ya kupanga, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na sebule. Lakini tangu mama yake afariki hakuna aliyekuwa amemuuliza kama amekula.

Jambo moja hakumficha Besi tangu mwanzo. Siku walipokaa mgahawani, wimbo wa mapenzi ukaanza kupigwa, naye akaomba wahame meza wakakae nje.

"Mimi nimeokoka," alisema. "Nyimbo za dunia sisikilizi. Nyumbani kwangu unapigwa muziki wa ibada tu."

Besi alichukua glasi zote mbili akamfuata nje bila kubisha. Yeye pia alikuwa Mkristo, hakukosa kanisani, lakini Jumamosi alipiga gitaa la besi kwenye bendi ya harusi.

"Nami kuna muziki siupigi," akasema walipokaa. "Kuna kipande kimoja, gitaa tupu, hakina hata neno moja. Bendi ikikianza, mimi naweka gitaa chini."

"Hakina neno? Sasa kina dhambi gani?"

"Chenyewe hakina. Zamani nilikuwa mlevi, Miwani, na kipande hicho ndicho nilichokuwa nalewea. Nikikisikia, koo linaanza kuniwasha. Mwenzangu anayepiga solo anakipenda, kinamkumbusha siku aliyopata mtoto. Siwezi kumwambia anatenda dhambi. Ila mimi kitanirudisha nilikotolewa."

"Kwa hiyo kila mtu ajichagulie?"

"Kila mtu ajichunguze mbele za Mungu. Nyimbo zinazotukana watu, zinazomfanya mwanamke bidhaa, hizo sihitaji kujichunguza. Hizi nyingine nauliza, wimbo umeniacha mtu wa namna gani. Nimekuwa mpole zaidi, au nimekuwa mwingine?"

Miwani alipenda jibu lile, lakini lilimtisha. Sheria yake ilikuwa imemlinda miaka mingi, na hakutaka mtu aiguse.

Sababu yake hakumwambia. Baba yake alikuwa mwimbaji wa bendi ya dansi. Jioni za Ijumaa redio ilirusha muziki wao moja kwa moja kutoka ukumbini, na mama yake alikaa dirishani akisikiliza. Sauti ya mumewe ilijaa nyumba nzima, mwenyewe hayupo. Ukifika wimbo mmoja, ule ulioipa jina bendi nzima, mama alikuwa anainamisha kichwa kwenye mikono yake. Mtoto alisimama mlangoni asijue afanye nini. Mama alipofariki, kwaya ndiyo iliyomkusanya yule msichana, ikamlisha, ikamfundisha kuimba sauti ya kwanza. Baba alipoanza kupoteza macho, Miwani alimchukua akae naye. Akamwogesha, akamnunulia dawa, akamtia matone kwa saa zake. Redio ndogo ya mzee akaizima, akaiweka juu ya kabati la nguo.

Kila jioni jikoni zilipigwa nyimbo za ibada kwa sauti ya juu. Kila jioni mlango wa mzee ulikuwa umefungwa.

Jumamosi moja Besi hakuwa na harusi. Alimpigia Miwani akiwa mazoezi ya kwaya.

"Mpenzi, napita kwako kutengeneza feni ya mzee. Ruksa?"

"Ruksa. Lakini usinimalizie chai."

"Chai nitaacha. Majani sina uhakika."

Miwani alirudi alasiri, amebeba mfuko wa matunda, roho yake nyepesi. Alipofika ghorofa ya pili akausikia. Ulikuwa ni wimbo ule, wimbo wa dirishani, unapigwa kwa gitaa la besi na sauti ya mzee iliyochakaa ikiufuata.

Alisukuma mlango. Feni ilikuwa inazunguka vizuri. Baba yake ameketi kitandani, amenyoosha shingo, na Besi mbele yake na gitaa mapajani.

"Nyumbani kwangu?" alisema.

Besi akafunika nyuzi kwa kiganja. "Miwani, mzee ameniomba..."

"Nilikwambia nini? Ulihama meza nami kumbe unanicheka? Feni ilikuwa kisingizio?"

"Sikujua kama wimbo huu una..."

"Toka."

"Mwanangu," mzee alianza.

"Baba, naomba unyamaze. Wewe uliimba vya kutosha."

Besi aliweka gitaa kwenye mfuko wake, akakusanya vifaa vyake kimoja kimoja. Mlangoni akasimama. "Nitakupigia."

"Usinipigie."

Alipiga. Miwani hakupokea. Besi akatuma ujumbe: *Nimekukosea bila kujua. Niambie nimegusa nini.* Miwani aliusoma akiwa kazini, kati ya mteja na mteja, akaizuia namba yake. Kisha akamvalisha mama mmoja miwani mipya, akamuuliza kama anaona vizuri. Mama yule akamkazia macho. "Naona vizuri, binti yangu. Wewe unalia."

Siku zikafuatana. Simu yake ilikuwa kimya mno, hata alikuwa anaitoa mkobani kuangalia kama imezimika. Jikoni aliongeza sauti ya nyimbo za ibada, lakini zilimpita kama maneno ya watu wa nyumba jirani. Kwaya ilipoimba juu ya upendo, yeye alifungua mdomo na sauti ikatoka nzuri kama kawaida. Watu wakasema amina, naye akarudi kukaa akiwa mkavu kama karatasi.

Mama mchungaji aliliona hilo. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Alimvuta kando baada ya ibada.

"Miwani, unaimba kama mtu anayesoma tangazo. Kuna nini?"

Akamweleza yote, na la dirishani pia, ambalo hakuwahi kumweleza mtu.

"Mwanangu, pole," mama mchungaji akasema, safari hii kwa sauti ndogo. "Wimbo huo usiusikilize. Ukikurudisha pale mlangoni kila mara, una haki ya kuukataa, na asiyekuelewa akuheshimu. Kanisa la kwanza waligombana hivihivi kuhusu chakula. Anayekula akaambiwa asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Nakuuliza moja tu. Hizo nyimbo zetu unazipiga ili umsikie Mungu, au ili usimsikie baba yako?"

Miwani alikasirika njia nzima, mpaka alipofika kwenye ngazi za nyumbani.

Alimkuta mzee sebuleni, kalipa dirisha mgongo, anatazama ukutani. Hakuwa amegundua kwamba kiti kimegeuzwa. Miwani alisimama akimwangalia mtu huyu mrefu anayetazama ukuta kwa utulivu, akidhani ni barabara.

Alikivuta kiti kingine akakaa. "Baba, kwa nini ulimwomba ule wimbo?"

Mzee akageuza uso kuifuata sauti yake. "Siku ile Besi alipofika alikuwa mtu wa kwanza kukaa kuzungumza nami tangu Jumatatu. Wewe unanihudumia vizuri, siwezi kulikana hilo. Lakini unakuja na matone, unaondoka. Nikamwomba wimbo niliokuwa naujua kuliko yote. Sikumkumbuka mama yako. Hapo ndipo ubaya wangu ulipo, kwamba sikumkumbuka."

"Mama alikuwa analia ukipigwa."

"Najua. Sasa najua." Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wake. "Sitauomba tena, wala sitauimba. Nyumba ni yako, na Mungu unayemwomba ndiye ninayemwomba mimi. Ila nikwambie kitu, mwanangu. Nyie mkitaka kujua kama kuna watu, mnaangalia. Mimi nasikiliza. Ile redio ina habari, ina mpira, ina watu wanaobishana. Ina nyimbo nzuri, na za hovyo zipo, nitazizima mwenyewe, kidole ninacho. Ukinyamazisha nyumba, unanizimia taa."

Miwani alilia kwa sauti, kilio alichokuwa hajakilia hata kaburini. Mzee hakumbembeleza kwa maneno. Alimshika tu mkono, na mara hii hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoka.

Baadaye Miwani akapanda kiti, akaishusha redio, akaifuta vumbi kwa upindo wa gauni.

Kumpata Besi hakukuwa rahisi. Aliifungua namba, akapiga, haikupatikana. Karakana yake ilikuwa na kufuli. Jirani akamwambia fundi yuko ukumbi wa mikutano nyuma ya soko, kuna harusi ya jioni. Miwani alikwenda kwa miguu, saa sita mchana, jua linachoma, amevaa sare ya kazini na kalamu mbili zikiwa bado mfukoni.

Ukumbi ulikuwa mtupu. Viti vilikuwa vimevishwa vitambaa vyeupe, safu kwa safu, na mbele kabisa Besi alikuwa amepiga magoti akilaza nyaya kwa utepe wa gundi. Alikuwa amekonda. Alipomwona hakusimama.

"Namba yako haipatikani," Miwani alisema.

"Nilibadilisha. Ile ilikuwa inanifanya niiangalie kila dakika."

"Nimekuja kukuambia ulichogusa."

Akakaa kwenye kiti cha kwanza akamweleza. Besi alisikiliza bila kuinua macho kutoka kwenye waya aliokuwa ameushika.

"Ningejua nisingeupiga," akasema mwishowe. "Hata mzee angeniomba kwa machozi."

"Najua. Nilikufukuza kabla sijakuuliza. Naomba unisamehe."

"Nilikusamehe ngazini. Kazi ilikuwa kuacha kukusubiri." Akabandika kipande cha gundi juu ya waya. "Miwani, mimi sitaacha bendi. Nikikuahidi hilo leo, kesho nitakuchukia kwa hilo."

"Sijaja kukuomba uache. Wala mimi sitakuja kukaa ukumbini kila Jumamosi, nisikudanganye. Zipo nyimbo zitanishinda maisha yangu yote."

"Wimbo ule hautaingia nyumbani kwetu. Hilo naweza kuahidi."

"Umesema kwetu."

"Nimesema." Akasimama, magoti yameshika vumbi, akajipangusa mikono kwenye suruali. "Sina pete. Nina gundi na nyaya. Nikuoe?"

Miwani aliangalia safu zote zile za viti visivyo na watu. Alifikiria jioni nyingi za peke yake zitakazokuja, Jumamosi baada ya Jumamosi, mume akiwa kwenye harusi za wengine. Alimfikiria mama yake dirishani.

"Ukitoka kazini utarudi nyumbani moja kwa moja?"

"Moja kwa moja. Na ukitaka nitakupigia kila bendi ikipumzika."

"Nitataka."

"Hiyo ni ndiyo?"

"Ni ndiyo. Lakini baba anakuja na mimi, na anakoroma."

Besi alicheka, akaja akaketi kwenye kiti cha pili, akamshika mkono wenye madoa ya wino. Hakuna muziki uliokuwa unapigwa. Wakakaa hivyo, wawili kati ya viti vyote vile, mpaka wapambaji walipoingia na maua na kuwaomba wapishe.