Taa Chini ya Kidevu

Lilianza kama jambo dogo tu, la kuchekesha hata. Mke wa mpigapicha alikalia stuli ya studio ya mumewe apigwe picha, kama alivyozoea akimaliza kufagia. Picha ilipotoka, uso wake ulikuwa mweusi tii, kama kapakwa masizi.

"Ndiyo mapenzi haya?" alimuuliza mumewe, mikono kiunoni. "Mabibi harusi unawawekea taa juu, ubavuni, mashavu yanakuwa laini kama siagi. Mimi gizani! Na kamera umenipigia kutoka juu, nimekuwa kadogo kama mtoto aliyeiba sukari."

"Mama watoto, haki ya Mungu niliishika usawa wa macho yako. Ninayempenda simpigi kutoka juu. Na taa niliielekeza kwako."

Wakageuka kuitazama. Taa ilikuwa imeelekea ukutani.

Basi mwanamke akaona tayari yuko mwenzake, mwanamke mwingine wa mumewe. Wivu ukamkaa kooni kama mwiba wa samaki. Akanusa mashati ya mumewe, akakuta harufu ya asumini mbichi, na nyumbani kwao hapakuwa na asumini hata ua moja.

Asubuhi moja akajificha nyuma ya pazia la studio amfumanie. Mumewe alikuwa peke yake, anaiambia stuli tupu, "Inua kidevu kidogo, mpenzi. Hapo hapo," kwa sauti ileile aliyomposea yeye. Mto wa stuli ukabonyea taratibu, asumini ikajaa chumba, na pale ukutani, mbele ya taa ambayo hapakuwa na mtu wa kuikinga, kikatokea kivuli cha mwanamke mwenye shingo ndefu, kikajitengeneza nywele bila haraka, kisha kikageuza kichwa kuelekea kwenye pazia, na ingawa kivuli hakina macho, yeye alijua ameonwa.

Alikimbia hadi kwa shangazi wa mumewe, mwanamke aliyejua kuzungumza na majini.

Shangazi akaja, akafunga milango, akamkalisha mpigapicha chini. "Wewe jini uliye naye, unataka nini?"

Sauti nyororo ikatoka kinywani mwa mwanamume. "Picha moja tu. Taa aniwekee mkewe, kwa mkono wake, nzuri kama ya bibi harusi. Nikijiona nimependeza, nitaondoka."

"Ombi jepesi hilo," shangazi akanong'ona. "Mpe, mkwe wangu."

"Nimpambe mwenzangu, shangazi?"

"Mpambe aende zake! Unataka abaki?"

Mpigapicha akainuka kama anayeota, akashika kamera. Mkewe akaibeba taa. Alijua pa kuiweka: juu, ubavuni, mbali kidogo. Akaanza kuinyanyua. Ndipo mumewe akaitabasamia stuli tupu, tabasamu ambalo yeye hakuwa amelipata tangu mtoto wa mwisho azaliwe, na moyo wake ukachemka, mikono ikashuka yenyewe, taa ikafika sakafuni, chini kabisa ya kidevu kisichoonekana, pale ambapo mwanga huchimba macho yawe mashimo, hurefusha meno, humfanya hata malaika atishe, na kabla shangazi hajamaliza kusema "Usi—", kamera ikalia.

Asumini ikakatika ghafla.

"Ametoka," shangazi akasema, lakini hakuisogelea stuli.

Mke akachungulia picha kwenye kioo cha kamera. Aliyeketi kwenye stuli alikuwa yeye, na gauni lake alilovaa siku hiyo, macho mashimo, meno marefu.

Mumewe akainua uso, akamwona, akarudi nyuma hadi ukutani. "Shangazi," akanong'ona, "huyu ni nani? Mke wangu yuko wapi?"

"Ni mimi!" akalia. "Nitazame, baba watoto!"

Shangazi akazima taa, akafungua madirisha yote. Jua likamwagika ndani, likamulika kila kitu, ila usoni mwa yule mwanamke vivuli vilibaki vimepanda kutoka chini kwenda juu. Akajipapasa mashavu. Akaona shangazi naye hamtazami.

Ndipo mlango ukafunguliwa. Aliyeingia alikuwa na sura yake yeye, sauti yake, hata mwendo wake, ila alinukia asumini mbichi.

"Niko hapa, baba watoto," akasema.

Na mpigapicha akamkimbilia.