Nilimfunga Mdogo Wangu Mpini Mgongoni

Niliingia uani nikamkuta mdogo wangu Chediel kamshika binti yangu shingoni, anamkandamiza ainame...

"Salimia kama mtoto wa kike. Unanisimamia kama nguzo ya umeme?"

"Baba mdogo, siwezi. Nina vyuma."

Niliiachia baiskeli ikaanguka na mizinga yake ya nyuki.

Ndugu msomaji, Loyce wangu ana miaka kumi na tano. Uti wake wa mgongo ulipinda, bega moja juu, lingine chini. Miezi mitatu iliyopita walimpasua, wakaunyoosha, wakaufunga vyuma viwili kwa skrubu mpaka mifupa ishikane yenyewe. Daktari akasema asiiname, asijipinde, asibebe kitu. Hayo matatu hata mimi wa darasa la tano niliyashika.

Chediel naye aliyasikia. Alikuwepo.

Sikumpiga. Kipigo kinaisha haraka.

Niliwaita warina asali wenzangu wawili, wakamshika. Nikamlazia mpini wa jembe mgongoni, toka kisogoni hadi kiunoni, nikaufunga kwa mipira ya baiskeli. Nikamtembeza hadi sokoni Itigi.

"Kaka, unanidhalilisha."

"Mpaka jioni. Unyooke na wewe."

Simu ikamdondoka. Akaizunguka kama kuku aliyeona nyoka, hawezi kuiokota. Soko zima likacheka. Bibi Klara, muuza karanga, akamkazia macho.

"Shikamoo bibi."

"Unanisalimia wima hivyo? Nani kakulea wewe?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Sifichi, nilifurahi.

Kesho yake tukampeleka Loyce hospitali kupigwa picha ya mgongo. Chediel nilimburuza aje aone alichokifanya.

Daktari aliinua picha kwenye mwanga.

"Skrubu moja imeanza kulegea."

Nikamgeukia Chediel. "Umesikia, muuaji wewe?"

"Hii si ya jana," daktari akasema. "Mfupa umelika kuizunguka. Ni wiki nyingi. Alibeba nini?"

Loyce akaangalia sakafu kwa macho tu. Kichwa hakikushuka.

"Sema, mwanangu. Nani alikubebesha?"

"Ndoo ya asali, baba. Ulisema mara moja tu."

Jamani.

Mimi ndiye niliyemtwika. Lita kumi, wiki ya tano baada ya upasuaji. Mnunuzi alikuwa stesheni, treni inakaribia kuondoka. Loyce aliniambia mgongo unauma, nikamjibu chuma hakivunjiki.

"Mbona hukunitaja siku zote hizi?"

"Ulikuwa unafurahi nimenyooka, baba."

Chediel alinitazama tu, na afadhali angenitukana.

Daktari akasema skrubu haijang'oka, wataifuatilia. Asibebe hata sufuria ya chai mpaka aruhusiwe.

Tulipofika nyumbani nikauchukua ule mpini, nikampa Chediel. Na mipira yake.

"Mpaka jioni?" akauliza.

"Mpaka jioni."

"Na sokoni?"

"Na sokoni."

Wewe mwenye mtoto aliyepasuliwa mgongo, nisikilize. Ndugu anayemkandamiza mbele za watu utamwona, utamkamata. Ile "mara moja tu" yako hakuna atakayekukamata nayo. Mtoto atakufichia, huku chuma kinalegea ndani.

Chediel alikaza fundo la mwisho kwa goti, pumzi ikanikata. Simlaumu. Ningekuwa yeye, ningekaza zaidi.