Kadi Yenye Herufi Q

Bisha. Bisha sasa hivi umalize, tusije tukakatizana katikati. Sema majini ni wa visimani na kwenye magofu, kompyuta wanaitakia nini. Sema kijana aliyeagana na shule kabla shule haijamzoea anajua nini habari za maktaba. Umemaliza? Basi kaa. Wenye vyeti vyao niliwasimulia kisa hiki mchana kweupe, jua linachoma utosi, na mmoja wao, bwana mzima mwenye tai, akaomba asindikizwe chooni.

Kilianza kidogo tu. Mkutubi alifungua mlango wa maktaba asubuhi, akawasha kompyuta, na kwenye skrini palikuwa na mstari mmoja: kitabu kimoja kimerudishwa leo.

Leo ipi? Ufunguo ulikuwa bado unaning'inia kwenye kidole chake.

Watu walimwita Mama Kimya, kwa sababu neno hilo alilisema mara nyingi kuliko salamu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na aliipenda maktaba ile kama mtu anavyompenda ndugu mgonjwa. Dari ilivuja. Rafu za riwaya zilikuwa zimeinama mgongo. Pembeni, chini ya dirisha, ilikuwepo sehemu ya watoto: meza fupi, viti vifupi, na muhuri mkuukuu wa tarehe ambao watoto waliruhusiwa kuugonga kwenye vikaratasi.

Binti yake alikuwa akiugonga muhuri ule siku nzima, hadi vidole vikageuka buluu. Halafu ikaja homa. Binti akaenda nayo.

Jina la binti silitaji, na usiniulize.

Mwaka huo maktaba ilikuwa inahamishwa kutoka programu ya zamani kwenda mpya. Ile ya zamani aliitengeneza mumewe, wakiwa bado wanakaa pamoja, na kila hali ya kitabu aliipa herufi yake. K, kimeazimwa. R, kipo rafuni. P, kimepotea. J, kiko kwa mjalidi kinashonwa. Programu mpya haikuzijua herufi zake, kwa hiyo wakubwa walileta fundi wa kompyuta azifasiri moja baada ya nyingine. Fundi mwenyewe alikuwa kijana mcheshi, maneno mengi kama redio, na jina lake la kazini lilikuwa Bonyeza, maana alibonyeza kwanza akasoma baadaye.

"Mama, hii Q ni mdudu gani?" aliuliza Bonyeza siku ya mwisho ya kuhamisha, tumbo likimnguruma.

"Sijui," Mama Kimya alijibu kutoka nyuma ya rafu, vumbi hadi kwenye kope. "Herufi zote alizitunga baba mtoto."

"Si umpigie?"

"Hatupigiani."

"Aa. Pole. Sasa maelfu yote yamepita, hii moja imenigomea kama punda. Programu inataka kipo, kimeazimwa au kimerudishwa. Q haiijui. Na mimi bila chakula sijui hata jina langu."

"Iko kwenye kitabu gani?"

"Cha watoto, cha picha za ndege. Tukiweke kimerudishwa, tukale?"

Vya ndege vilikuwepo vingi, na Mama Kimya alikuwa na vitabu kumi mkononi na mgongo unamuuma. Akasema, "Weka."

Neno moja tu. Bonyeza akabonyeza.

Kesho yake ndiyo asubuhi niliyokwambia. Mama Kimya akaugusa ule mstari, rekodi ikafunguka, akalisoma jina la msomaji. Akaketi. Akalisoma tena, midomo ikitikisika. Halafu akanusa kitu: karatasi iliyolowa, na chini yake dawa ya homa, ile chungu ya maji iliyowahi kumwagika kwenye shuka za nyumbani kwake. Akaifuata ile harufu hadi meza fupi. Kitabu cha ndege kilikuwa pale, kimevimba kwa unyevu. Kitabu walichokitafuta baada ya mazishi, wakapekua hadi ndani ya godoro wasikipate.

Mtu mwenye akili angepiga kelele. Yeye alikifuta kwa upindo wa gauni, akakiweka kifuani.

Tangu siku hiyo akawa anafunga mapema. Bonyeza, aliyebaki kurekebisha mambo madogo madogo, alimtania, "Mama Kimya, una mchumba nini? Naona siku hizi unatutimua na jua liko juu."

"Nyamaza wewe."

"Si nimesema! Hata sura imeng'aa."

Ilikuwa kweli imeng'aa. Kwa sababu msomaji wa mwisho akitoka, na komeo likiingia, na kile kijua cha jioni kikilala juu ya sakafu, sauti ilianza upande wa watoto. Tap. Kimya. Tap. Muhuri. Siku za kwanza alisimama mbali, mkono mdomoni. Baadaye alisogea rafu moja, halafu nyingine, mpaka jioni moja ya mvua alichungulia akaona mgongo mdogo umeinama mezani, gauni lile lile, nywele zimesukwa vile vile alivyozisuka yeye mwenyewe asubuhi ya kwenda hospitali, na mkono wenye vidole vya buluu unapanda na kushuka, na bila kugeuka kile kitoto kikasema, kwa sauti iliyotoka kama mtu anayeongea ndani ya mtungi, "Mama, nimekirudisha."

Alivyolia! Alikaa sakafuni akalia bila sauti, kwa mazoea ya kazi, na kile kitoto kikaendelea kugonga.

Hakumwambia mtu. Ungekuwa wewe ungesema? Alikaa nacho kila jioni, yeye kwenye kiti kifupi magoti yamefika kidevuni, akikisomea hadithi, na hakikugeuka hata mara moja kumtazama. Akisogea upande, mgongo nao ulisogea. Akajiambia mtoto amenuna, atazoea. Mama huyo, jamani.

Sasa Bonyeza alikuwa na mpwa wake, kasichana ka darasa la pili, aliyekuja hapo baada ya masomo kumsubiri mjomba. Aliketi kwenye ile meza. Siku moja njiani akamwambia, "Mjomba, yule dada anataka nibaki naye."

"Dada gani?"

"Yule anayekaa bila kugeuza uso huku. Mikono yake ya moto, mjomba. Alinishika hapa."

Palikuwa na alama ya buluu juu ya kiwiko chake, na tarehe ndani yake, kama kitabu. Usiku huo kasichana kakashikwa na homa. Mtoto wa fundi viatu, aliyeketi kiti cha jirani, naye akashikwa. Kufikia mwisho wa juma watoto walikuwa watatu, wazazi wanakimbizana na madaktari, na madaktari wanashangaa damu safi, mapafu safi, mtoto anaungua.

Bonyeza alikuja maktaba macho mekundu, utani umemtoka wote.

"Mama," alinong'ona, "kwenye hiyo meza kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Mama yangu, nakuheshimu. Mpwa wangu anaita jina. Anaita jina la mtu huko kitandani, na hilo jina nimelitafuta kwenye mashine, nimelipata. Ni la mwanao. Ile Q ilikuwa yake."

Akamshika mkono. Mama Kimya akaunyofoa.

"Mpigie baba yake," Bonyeza alisema. "Nakuomba kama mwanao."

Neno hilo ndilo lililomchoma. Alipofunga mlango jioni hiyo, alimpigia mtu ambaye hakuwa amesikia sauti yake tangu alipobeba sanduku lake akaenda mji mwingine bila kueleza kwa nini.

"Ni mimi," alisema.

"Najua. Unapumua vile vile."

"Q ni nini?"

Upande wa pili mlango ukafungwa.

"Nani ameigusa?"

"Mimi. Nilisema kiwekwe kimerudishwa. Sikujua ni chake."

"Yupo hapo?"

"Anagonga muhuri."

Mwanamume akashusha pumzi ndefu iliyovunjika katikati. "Alikuja kwangu kwanza," alisema. "Baada ya mazishi, wewe ukiwa umelala na dawa za daktari. Nikakaa naye. Wiki nzima nikakaa naye, mke wangu, nikimwangalia mgongo. Halafu watoto wa jirani wakaanza kuungua. Nikaenda kwa mganga. Akaniambia huyo si mwanangu, ni jini aliyekuta jina halina mwenyewe akalivaa kama shati. Akasema, kitabu chake kinasubiriwa, ndiyo njia anayopitia. Usiandike amerudisha, usiandike hajarudisha. Weka alama isiyokuwepo kwenye lugha uliyomlelea, jini akifika hapo hana cha kutamka. Nikaweka Q. Akanyamaza."

"Ukanificha."

"Ungemfungulia."

Hata wakati ule alikuwa ameketi kwenye kiti kifupi, kitabu cha ndege kimefunguliwa magotini.

"Ungemfungulia," mwanamume alirudia, "na mimi ningekusaidia kushika mlango. Ndiyo maana niliondoka. Hiyo programu yenu inakubali Q?"

"Haikubali. Kwenye kadi ya msomaji kuna machaguo matatu. Hai, amehama, amefariki. Yenyewe ilimjazia hai."

"Basi unajua."

"Andika wewe. Wewe ni baba yake."

"Mama wa mwanangu," alisema yule mwanamume, na sasa alikuwa analia waziwazi, "kama ningeliweza kuliandika hilo neno, Q ningeitafutia nini?"

Simu ikakatika, au alikata, haijulikani.

Umeme nao ukaanza kuyumba. Mama Kimya alitembea hadi kwenye kompyuta, na kila hatua aliyopiga muhuri ulipiga nayo, tap, tap, mpaka hakujua ni mguu wake au ni mkono ule, na harufu ya karatasi iliyolowa ikapanda kutoka sakafuni kama maji ya mafuriko yanayoingia chini ya mlango, na vitabu vikaanza kufunguka kimoja kimoja kwenye rafu kama vinywa vya wagonjwa, na lile joto la watoto watatu waliokuwa vitandani huko mtaani alilihisi kwenye shavu lake, joto lile lile alilolipima kwa mgongo wa mkono wake usiku na mchana wakati wa binti yake, na nyuma yake, karibu sana sasa, karibu na sikio, ile sauti ya mtungini ikasema, "Mama, usinifunge."

Kidole kilikuwa juu ya kipanya.

"Nitakuuliza kitu kimoja," alisema bila kugeuka. "Siku ya mwisho hospitalini, uliniomba nini?"

Maana binti aliomba maji ya baridi. Aliomba mpaka sauti ikaisha, na mama akamnyima kwa sababu muuguzi alikataza, na kabla ya jua kuzama hapakuwa na wa kunyimwa. Hilo alikuwa hajalisema kwa mumewe, wala popote.

Kurasa zikapekuliwa gizani, upesi upesi, kama mtu anayetafuta jibu asilolijua. Halafu: "Niliomba kitabu, mama."

Mama Kimya akafumba macho. Akabonyeza: amefariki.

Muhuri ukaanguka chini. Vitabu vikajifunga vyote kwa pamoja, pa! Ule unyevu ukatoka kama pumzi, na taa zikasimama sawa. Mpwa wa Bonyeza aliamka alfajiri akidai uji, wenzake wakafuata. Maktaba ipo hadi leo, programu mpya inafanya kazi, Bonyeza siku hizi anasoma kwanza.

Hapo ndipo huwa namalizia, watu wanapumua, wanacheka kidogo, wanakwenda zao. Na mimi hujisifu kwamba hakuna ajuaye kuchapa mwisho kama mimi.

Lakini leo umenisikiliza vizuri, basi nikwambie nililoliruka. Aliyenisimulia ni Mama Kimya mwenyewe, na hakunisimulia hivyo.

Lile swali hakuliuliza.

Lilikuwa mdomoni, akalimeza. Aliogopa jibu. Aliniambia, "Kingesema kitabu, sawa. Je, kingesema maji? Ningeinuka, baba, ningeenda kuyaleta kwa mikono yangu, na watoto wa watu wangeungua huku nikimnywesha." Kwa hiyo alibonyeza bila kuuliza. Na alipobonyeza alisikia kiti kifupi kikisogea, mtu anageuka, anamtazama kwa mara ya kwanza, na yeye akabana macho yake hadi pakawa kimya kabisa.

Mganga alisema ni jini. Mumewe anasema ni jini. Mimi nawaambia watu ni jini, na jibu la kitabu nililitunga mwenyewe, ili mlale.

Yeye hajui. Kila jioni kabla ya kufunga huweka glasi ya maji ya baridi juu ya meza fupi, na asubuhi huiondoa kabla mtu yeyote hajaingia. Nimekaa naye mara nyingi. Sijathubutu kumuuliza kama huikuta imejaa.