Farasi wa Kifuniko cha Soda

Ngina aliishi na mama yake, Kalunde, na kaka yake, Mwangangi. Nyumba yao ilikuwa nje kidogo ya mji wa Machakos, chini ya kilima cha Iveti. Mwaka huo wa 1999 mvua ilikataa. Bomba la mtaani lilikauka. Maji yaliuzwa kwenye kioski chini ya mteremko, na foleni ilikuwa ndefu.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kujaza pipa la nyumbani. Mwangangi alileta shauri.

"Tusigombane," alisema. "Ijumaa tucheze chesi. Atakayeshindwa atateka maji Jumamosi."

Mama alikubali. Aliona ni haki, kwa sababu wote wawili walikuwa na nafasi sawa.

Mwangangi alikuwa fundi wa baiskeli sokoni. Mteja mmoja alikuwa amempa ubao wa chesi wa zamani. Farasi mmoja mweupe alikuwa amepotea, basi Mwangangi akaweka kifuniko cha soda mahali pake. Akamfundisha dada yake jinsi kila kete inavyotembea. Mfalme huenda hatua moja. Ngome huenda moja kwa moja. Askofu huenda mshazari. Farasi huruka hatua mbili mbele na moja kando.

"Na kama kwenye drafti," aliongeza, "ukiweza kula kete ya mwenzako, lazima ule."

Ngina aliijua drafti. Wanaume waliicheza kwa vifuniko vya soda kando ya soko, na mtu asiyekula aliadhibiwa. Kwa hiyo hakuuliza swali.

Kila Ijumaa alishindwa. Kila Jumamosi alifunga mtungi kwa kamba ya ngozi, akaining'iniza kamba kwenye paji la uso, akapanda mteremko ameinama. Akarudi kioskini. Akapanda tena. Pipa lilijaa saa sita mchana. Baiskeli ya Mwangangi ilikuwa imeegemea ukuta.

"Niazime baiskeli," Ngina aliomba siku moja.

"Hii ni ya kazi," kaka yake akajibu. "Mitungi itapinda gurudumu. Mimi ndiye fundi, najua."

Ngina alikuwa ameacha shule darasa la sita, baba yao alipofariki. Sasa kanisa lilikuwa na darasa la Jumamosi asubuhi kwa vijana waliotaka kumaliza masomo. Ngina alijiandikisha kwa furaha. Lakini maji yalimzuia. Jumapili moja mwalimu, Bwana Ndeti, alimwita pembeni ya kanisa.

"Ngina, viti ni vichache. Ukikosa Jumamosi hii, nitampa mtu mwingine nafasi yako."

Ngina alirudi nyumbani akihesabu siku. Ijumaa hiyo ilikuwa lazima ashinde.

Jumatatu jioni alimwomba kaka yake mchezo wa mazoezi. Walikaa uani. Jirani yao, Ruqaya, alikuja kununua mayai. Watu walimwita Mama Umar. Mama alipokwenda kuyachukua, Mama Umar alisimama akatazama ubao.

Mwangangi alisukuma askari mweusi mbele ya malkia wa Ngina. Ngina aliona kwamba askari huyo alilindwa na askofu.

"Malkia wangu atakufa," alisema.

"Sheria ni sheria. Kula."

Ngina akamla askari. Askofu akamla malkia. Mwangangi akacheka.

"Ngina," Mama Umar aliuliza, "kwa nini umempeleka malkia wako kufa?"

"Nilikuwa naweza kula. Lazima nile."

"Nani amekwambia?"

Ngina alimtazama kaka yake. Mwangangi alianza kuchezea kete.

"Baba yangu alicheza mchezo huu Lamu hadi akazeeka," Mama Umar alisema. "Sisi tuliuita sataranji. Sijawahi kusikia kwamba ni lazima kula. Ukitaka unakula, usipotaka unaacha."

"Hiyo ni ya pwani, Mama Umar," Mwangangi alijibu. "Hii ni ya bara."

"Sawa. Basi kabla hujasukuma askari wako, ngome yako ilikuwa inaweza kula askari wa Ngina pale kwenye kona. Nimeona kwa macho yangu. Mbona hukula? Lazima ya bara haikushiki wewe?"

Mwangangi akaanza kukusanya kete.

Ngina alihisi uso ukiwaka. Alikumbuka Jumamosi zote, kamba kwenye paji la uso, na kaka yake akinywa chai.

"Ulijua," alisema. "Ulijua siku zote."

"Aiya, ni mchezo tu."

Mama alikuwa amerudi na mayai. "Ngina, usimpigie kaka yako kelele," alisema. "Ni mchezo tu."

"Si mchezo, mwaitu," Ngina alisema. Mwaitu ni mama kwa Kikamba. "Ni maji. Ni darasa langu. Amenidanganya nikabebe maji."

"Hata wewe hukuwa na macho?" Mwangangi alisema. "Kama nilikuwa nikiacha kula, mbona hukuona?"

Maneno hayo yalimchoma Ngina zaidi, kwa sababu yalikuwa na ukweli. Alikuwa akitazama kete zake peke yake. Hakuwahi kutazama kete za Mwangangi na kujiuliza zinaweza kufanya nini.

"Ijumaa tutacheza," alisema. "Bila lazima."

"Haya. Ukishindwa, usilie."

Siku zilizofuata, alasiri, Ngina alibeba ubao hadi kwa Mama Umar. Mama Umar alikuwa akichambua mchele huku akimfundisha.

"Usiguse kete haraka," alisema. "Kwanza uliza: yeye anataka nini? Hatua aliyocheza sasa hivi inatisha nini? Halafu uliza: imeacha nini? Kete ikihama, kuna mahali inapaacha bila mlinzi. Watu wengi hutazama kete ilikokwenda. Wewe tazama ilikotoka."

Ngina alitazama. "Hapa askofu ameondoka. Nyumba hii, mraba aliokuwa akiulinda, sasa iko wazi."

"Vizuri. Sasa uliza la tatu: kuna kete yangu inayoweza kugusa mbili kwa wakati mmoja?" Mama Umar alichukua kifuniko cha soda. "Umewahi kuona mwewe akishuka kati ya vifaranga wawili?"

"Kuku humkimbilia mmoja."

"Na mwingine?"

"Anabebwa."

"Basi farasi ndiye mwewe. Anaruka juu ya wengine, kwa hiyo huwezi kumzibia njia. Akimtisha mfalme na malkia kwa pamoja, mfalme lazima akimbie. Hiyo ndiyo lazima ya kweli kwenye mchezo huu."

Ngina alikosea mara nyingi. Alimtuma farasi mahali palipolindwa, akaliwa. Alisahau kuuliza swali la kwanza, akapoteza ngome. Mama Umar alirudisha kete na kumwambia aulize tena. Kufikia Alhamisi Ngina alikuwa akiuliza bila kukumbushwa.

Ijumaa ikafika. Mama Umar alikuja na kukaa karibu na mama. Mwangangi alicheza haraka haraka, akipiga kete kwenye ubao kama wachezaji wa drafti sokoni.

"Leo umekuwa mtu wa kufikiria," alimwambia dada yake. "Mitungi nimekwisha kuipanga mlangoni."

Ngina aliendelea kutazama ubao.

Baadaye ngome ya Ngina ilifika mbele ya askari mmoja wa Mwangangi. Mwangangi akahamisha askofu wake ili amlinde askari huyo. Ulikuwa mtego uleule wa kila Ijumaa. Mkono wa Ngina uliinuka wenyewe. Ulikuwa umezoea kula. Akaurudisha mapajani.

Yeye anataka nini? Anataka ngome yangu.

Ameacha nini? Ngina alitazama mahali askofu alipotoka. Askofu alikuwa akilinda nyumba moja karibu na mfalme. Sasa hakuna aliyeilinda.

Kuna kete inayogusa mbili?

Akachukua kifuniko cha soda. Hatua mbili mbele, moja kando. Akakiweka taratibu.

"Cheki," alisema.

Mwangangi aliinama. Mfalme wake alitishwa. Malkia wake pia. Alitafuta kete ya kumla farasi, akakosa.

"Hiki ni kifuniko cha soda," alisema.

"Ni farasi. Wewe ndiye uliyemweka."

Mama Umar alicheka hadi akashika ubavu. Mwangangi akamhamisha mfalme. Ngina akamla malkia. Hakuharakisha hata hapo. Kila zamu aliuliza maswali yake, mpaka mfalme mweusi akakosa pa kwenda, na mchezo ukaisha.

Mwangangi alisimama. "Lakini kuteka maji ni kazi ya wasichana. Watu wataniona."

"Ulipokuwa ukishinda hukusema hivyo," Ngina alijibu. "Mimi pia watu waliniona."

Mama aliigeukia mitungi mlangoni. Akasema, "Mwangangi, neno lilikuwa lako. Kesho mitungi ni yako."

Jumamosi asubuhi Ngina alivaa sweta yake, akaenda darasani. Bwana Ndeti alimwonyesha kiti.

Aliporudi alimkuta mama amesimama uani karibu na pipa. Pipa lilikuwa limejaa. Mwangangi alikuwa akifungua mipira iliyofunga mitungi kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli.

"Alimaliza kabla sijateleka chai ya saa nne," mama alimwambia Ngina.

Mama alitazama magurudumu ya baiskeli. Hayakuwa yamepinda. Kisha akalitazama paji la uso la binti yake, mahali kamba ya ngozi ilipoacha alama.

"Na mimi nilisema ni mchezo tu," alisema polepole. Kisha akamgeukia mwanawe. "Kuanzia leo maji yataletwa kwa baiskeli. Kazi ya Jumamosi ni yako. Siku nyingine Ngina akiihitaji baiskeli, asikuombe. Ataichukua."

"Na chesi?" Mwangangi aliuliza.

"Chezeni. Lakini maji hayataingia tena kwenye ubao huo." Mama alivuta kigoda, akakaa mbele ya kete. "Leo nifundisheni mimi. Nianze na nini?"

Mwangangi alifungua mdomo. Ngina akamtangulia.

"Anza hivi, mwaitu," alisema. "Si lazima ule."