Fundo la Dada

Wewe, umewahi kumsingizia mtu?

Usimtazame mwenzako. Nakuuliza wewe.

Haya, nyamaza kwanza. Tunu naye alinyamaza. Alinyamaza siku tatu nzima.

Tunu alikuwa na miaka sita. Kwao ni Korogwe. Lakini siku hizo hakuwa Korogwe. Alikuwa mbali sana, India ya kaskazini, katika mji mdogo uitwao Kesarghat.

Kesarghat ni mji wa kimya. Mbuzi walilala katikati ya barabara, na baiskeli zikawazunguka. Hakuna aliyempigia mbuzi kengele.

Mbele ya mji ulipita mto mpana. Mto Ganga. Rangi yake kama chai ya maziwa.

*Shwaaa, shwaaa, mto unapita zake.*
*Mto hauulizi mtu kitu.*

Walifikaje huko? Zamani Mama alisoma chuo India. Alikuwa na rafiki yake, Sudha. Sasa Mama alikuja kumtembelea Sudha, akawaleta binti zake wawili.

Mmoja ni Tunu. Mwingine ni Mwajabu, dada yake Tunu. Mwajabu alikuwa na miaka kumi na minne na kitana kisichotoka mkononi.

Sudha naye alikuwa na mtoto, Guddi. Guddi pia alikuwa na miaka sita, na meno mawili ya mbele hayapo.

Sasa, mama wa Guddi utamwitaje? Tunu alijua. Akasimama wima, kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, Mama Guddi!"

Guddi akacheka. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kwa Kihindi," Mama akasema, "mama ni mjomba. Umemwamkia Mjomba Guddi."

"Na dada je?" Mwajabu akauliza.

"Dada ni babu. Baba yake baba."

Tunu akamgeukia Mwajabu. "Shikamoo, babu."

"Marahaba. Na ukome."

Dada mwenyewe, yule babu wa Guddi, alikuwepo. Alikuwa na masharubu meupe na fimbo nyeusi. *Ko, ko, ko,* alitembea polepole.

Nyumba nzima ilimwita Dada. Kwa hiyo Tunu akiita "Dadaaa!" walikuja wawili. Mmoja na kitana. Mwingine na fimbo.

"Han, beti?" aliitika yule wa fimbo. Maana yake, ndiyo, binti yangu?

Alikuja kila mara. Hata alipojua hakuitwa yeye.

Kila asubuhi Dada alishuka ngazi za mawe mpaka mtoni. *Ko, ko, ko.*

Alizamisha kichwa mara tatu. *Chubwi. Chubwi. Chubwi.*

Kisha alijaza maji kwenye chungu kidogo cha shaba. Akakiinua juu, akaliangalia jua, akayamimina maji taratibu.

"Anafanya nini?" Tunu alimuuliza Mama.

"Anaanza siku yake."

Kisha Dada aliingia kwenye mashua yake ndogo ya bluu, akapiga makasia mpaka ng'ambo. Ng'ambo kulikuwa na mchanga mwingi. Na kwenye mchanga ule Dada alikuwa amepanda matikiti.

Ndiyo, matikiti. Mchangani. Mto ukipungua maji, watu wa huko hulima palepale mto ulipokuwa umelala.

Alirudi na tikiti moja, amelipakata kama mtoto mchanga.

Halafu aliifunga mashua kwenye pete ya chuma. Fundo lake lilikuwa na masikio mawili, kama sungura. Alilipiga kidogo kwa kiganja. *Pa, pa.* Tulia hapo.

Siku ya pili, watu walikuwa ndani wanakunywa chai. Mama alikuwa ameenda sokoni kununua bamia. Mwajabu alikuwa chumba cha juu, anasuka nywele.

Tunu alishuka ngazi peke yake.

Alilitazama fundo. Yeye mwenyewe alikuwa ndio kwanza amejua kufunga viatu. Mafundo aliyapenda sana.

"Nitavuta kidogo tu," akasema. "Halafu nitafunga tena."

Kidogo tu. Unaijua hiyo kidogo tu. Usijifanye huijui.

Akavuta sikio moja. La pili likaja lenyewe. *Sssss,* kamba ikateleza kwenye pete.

Mashua ikageuka polepole. Ikaenda.

Tunu akanyoosha mkono. Mkono ulikuwa mfupi.

*Shwaaa, shwaaa, mto unapita zake.*
*Mto hauulizi mtu kitu.*

Mto hauulizi. Lakini Mama Guddi anauliza.

Alikuja mbio, na Guddi nyuma yake. Akaona pete tupu. Akasema maneno mengi ya Kihindi. Tunu hakujua Kihindi. Lakini kidole alikijua. Kidole cha Mama Guddi kilionyesha pete, kisha kikazunguka hewani. Nani? Nani amefungua?



Mdomo wa Tunu ukajibu kabla yake.

"Dada!"

Alimaanisha Mwajabu. Mwajabu na kitana chake.

Lakini Mama Guddi hakutazama chumba cha juu. Alimtazama mzee aliyekuwa anashuka ngazi. *Ko, ko, ko.*

"Dada?" akasema Mama Guddi.

"Dada," akasema Guddi, na uso ukamwinama.

Hapo Tunu akakumbuka Dada ni nani kwao. Akafungua mdomo.

Akaufunga.

Ule uongo ulimtoka bila kufikiri. Haya, tuseme hivyo. Lakini kunyamaza? Kunyamaza alikufikiri.

Dada akafika chini. Akaitazama pete. Akautazama mkono wake wa kulia. Akautazama wa kushoto. Kisha akatabasamu kidogo, akasema kitu kwa sauti ndogo.

"Amesema nini?" Tunu alimuuliza Mama aliporudi na bamia zake.

"Amesema, labda nilisahau kufunga. Nimezeeka."

Mchana wavuvi wawili wakairudisha mashua. Walikuta imekwama kwenye matete. Haikuwa na hata mkwaruzo.

Basi, mashua imerudi, yameisha. Tunu alifikiri hivyo.

Hayakuisha.

Wakati wa chakula Mama Guddi aliongea muda mrefu, na hakuwa akila. Mama akawatafsiria.

"Anasema, kuanzia kesho Dada haendi mtoni peke yake. Leo amesahau kamba. Kesho je? Atasahau kina cha maji? Anasema angejua kweli aliifunga, asingemzuia."

"Nani atakwenda naye?" Mwajabu akauliza.

"Ndiyo shida. Baba Guddi anafanya kazi mji mwingine. Mama Guddi anafundisha."

Yaani hakuna.

Tunu akala bamia tatu. Ya nne akairudisha sahanini.

Kesho yake Dada alioga uani, kwa ndoo. Mto uko palepale, na mzee anaoga kwa ndoo.

Alimwaga maji ya chungu cha shaba kwenye sakafu. Yakaingia kwenye mfereji, *guru guru,* yakapotea.

Na ng'ambo, kwa mbali, majani ya matikiti yalikuwa yanaanza kulala kwa kukosa maji.

*Shwaaa, shwaaa, mto unapita zake.*
*Mto hauulizi mtu kitu.*

Kulikuwa na jambo baya zaidi. Dada alianza kutojiamini.

Alifunga mlango. Akaenda kukaa. *Ko, ko, ko.* Akarudi kuutazama kama ameufunga. *Ko, ko, ko.*

Alikunywa dawa. Kisha akamuuliza Guddi, nimekunywa dawa?

Tunu alisikia fimbo ikienda. Akasikia fimbo ikirudi. Akaziba masikio.

Siku ya tatu, Mwajabu alikuwa anamsuka Tunu nywele. Akasimamisha kitana ghafla.

"Hivi wewe, Tunu. Mama Guddi kaniambia kwa Kiingereza, eti ulimwambia ni Dada."

"Aii! Unaniumiza!"

"Sijakuvuta. Dada yupi?"

Tunu akatazama vidole vya miguu yake.

"Ulitaka kunisingizia mimi," Mwajabu akasema. "Ukamsingizia mzee wa watu."

"Kamwambie Mama, basi."

"Mimi? Kwani huo mdomo ni wangu?"

Mwajabu akaendelea kusuka. Alisuka polepole, bila kumvuta hata kidogo. Tunu aliona afadhali angevutwa.

Siku ya nne, Tunu alimfuata Dada uani. Mzee alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kamba, ameuelekeza uso upande wa mto.

Tunu akavuta pumzi. Akasema haraka haraka, kwa Kiswahili:

"Dadanimiminiliyevutasikiolafundosamahanisana."

Dada akatikisa kichwa. "Achha, achha," akasema. Sawa, sawa.

Akaingiza mkono mfukoni. Akamtolea peremende.

Alidhani mtoto anaomba peremende.

Sasa wewe niambie. Ukimwomba mtu radhi kwa lugha asiyoijua, umeomba radhi? Au umepiga kelele tu?

Tunu alijua mzee haijui lugha ile. Ndiyo maana aliitumia.

Akaila ile peremende. Ilikuwa tamu. Na hilo ndilo lililomuuma.

Siku ya tano ilikuwa siku ya kuondoka.

Bajaji ilikuja mlangoni. *Tu-tu-tu-tu-tu.* Bajaji kama za Korogwe, ila hii ilikuwa na maua ya plastiki kila upande.

Mabegi yakapakiwa. Mwajabu akapanda. Mama akakumbatiana na Sudha, wakalia, wakacheka, wakalia tena, kama watu wazima wanavyofanya.

Guddi akampa Tunu bangili moja ya kijani. Tunu akaivaa. Hakumtazama usoni.

Dereva akapiga honi. *Pii!*

Akili ya Tunu ikamwambia: panda tu. Ukishapanda, yamekwisha. Korogwe hakuna anayejua.

Tunu akapanda.

*Ko, ko, ko.*

Dada alikuja mpaka kwenye bajaji. Mikononi hakuwa na kitu ila fimbo. Akaongea na Mama, na alipoongea alikuwa akimtazama Tunu.

"Anasemaje?" Tunu akauliza.

Mama akamgeukia. "Anakuomba msamaha, Tunu."

"Mimi?"

"Anasema alitaka kukupa tikiti la safari. Lakini hawezi kuvuka kwenda kulichuma. Anasema usimchukie. Kichwa chake kimeanza kuchoka."

Tunu akamtazama Dada. Yule mzee alikuwa ameinama kidogo, kama mtoto aliyekosa.

Yeye ndiye aliyekuwa ameinama. Yeye!

"Mama," Tunu akasema. "Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie... mwambie kwamba..."

"Tunu, gari moshi halitungoji. Sema, nami nitasema kwa Kihindi."

Mwajabu akatazama nje. Kisha akamwambia dereva kwa mkono: zima kwanza.

Bajaji ikanyamaza. Kesarghat nzima ikanyamaza.

*Shwaaa, shwaaa, mto unapita zake.*

Hakuna aliyemuuliza kitu. Wala mto. Wala Mama Guddi. Wala mtu yeyote.

Tunu akateremka. Akasimama mbele ya Dada, mbele ya Guddi, mbele ya Mama Guddi.

"Dada hakusahau," akasema.

Mama akashangaa. Lakini akatafsiri.

Mama Guddi akageuka.

"Dada alifunga vizuri. Alifunga masikio mawili. Kichwa chake ni kizima kabisa."

Mama akatafsiri, polepole sasa, neno moja moja. Guddi akaacha kutafuna alichokuwa anatafuna. Mama Guddi akaziba mdomo kwa ncha ya sari yake.

Na Dada akainua uso. Aliinua kidogo, kisha akainua wote.

Machozi yalimjaa Tunu mpaka puani. Hakuyafuta. Hakusema haraka haraka. Alisema kwa sauti, ili kila mtu asikie, na ili Mama apate nafasi ya kutafsiri kila neno.

"Kamba niliifungua mimi. Mimi, Tunu. Halafu nikanyamaza."